Kwangu Hapa, Ukija na Simu Sikioni Sikuwekei Pesa

Mama wa viatu alifika kibandani kwangu Jumanne moja, saa nne asubuhi, simu ameibana kati ya bega na sikio. Anauza viatu vya mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, upande wa kuteremkia mtoni, na tumejuana tangu nilipoianza kazi hii ya M-Pesa. Kwa kawaida akija huanza na salamu. Huuliza mama yangu ameamkaje, mguu wake unaendeleaje, ndipo aseme kilichomleta. Siku hiyo hakunisalimu. Alinisukumia kibunda cha noti chini ya wavu, akasema kwa sauti ya chini, "Niwekee zote. Haraka."

Zilikuwa shilingi 18,500. Nilizihesabu mara mbili, nikaangalia kitambulisho, nikaandika kitabuni, nikamwekea. Nilipomuuliza, "Mama, kwema?" alinipungia mkono ninyamaze, akanipa mgongo. Akasogea kando ya mlango na kuiweka simu kwenye spika ili apate kubonyeza huku akiongea. Nilikuwa na foleni ya watu watatu. Kijana wa mbele alikuwa akitoa elfu mbili, na huku namhudumia niliisikia sauti iliyotoka kwenye simu ya mama: ya mwanamume, laini, yenye heshima zote. "Pole pole, mama yangu. Hapo panapotaka namba, weka namba ya uhakiki nitakayokusomea. Usiwe na wasiwasi. Niko na wewe mpaka tumalize."

Niliyasikia maneno hayo na sikufanya kitu. Nimeyabeba tangu siku hiyo, na ndiyo yanayoniandikisha haya.

Simu ilipokatika, mama alibaki akiitazama skrini. Kisha akarudi dirishani na kuninyoshea simu. "Mwanangu, hebu nisomee hii." Ilikuwa meseji ya kawaida, zile ninazoziona siku nzima: shilingi 18,450 zimetumwa kwa fulani bin fulani, na salio lililobaki.

Tulifanya yanayofanywa. Niliituma ile meseji kwa 456, namba ya kuomba pesa zirudishwe, kisha tukapiga 100, namba ya huduma kwa wateja ya Safaricom, kampuni yenye M-Pesa. Pesa zilikuwa zimeshatolewa. Tangu zitoke kwenye simu yake hata dakika kumi hazijatimia.

Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamletea maji, akanieleza kidogo kidogo. Asubuhi, akiwa anapanga viatu, iliingia meseji ya kwamba amepokea shilingi 18,450. Dakika moja baadaye akapigiwa na mwanamke analia: nimekosea namba, mama, ni pesa za kumtolea mtoto hospitalini, nakuomba kwa Mungu. Mama wa viatu akamtuliza, akamwambia ngoja niangalie. Kabla hajaangalia, simu nyingine ikaingia. Huyu alikuwa mwanamume, akajitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, akamtaja kwa majina yake yote. Akamwambia kuna malalamiko juu ya pesa zilizoingia kwake, na akaunti yake itafungwa saa tano kamili na kila kilichomo. Mama ni mweka hazina wa chama cha wanawake kumi na wawili. Kilichomo si chake peke yake. Njia ya kuiokoa, akaambiwa, ni kuweka kiasi kilekile ili mtambo ulinganishe. Hakuna kitakachokatwa. Akachukua pesa za mzigo wake, akaja mbio kwangu.

Ile "namba ya uhakiki" ilikuwa namba ya simu ya mwizi. Ile "namba ya usajili" aliyosomewa baadaye, moja nane nne tano sifuri, ndiyo kiasi cha pesa. Hakumpa mtu namba yake ya siri. Aliibonyeza mwenyewe, kwa mkono wake, akiamini anafunga mlango. Na jina la mpokeaji lilipotokea kwenye skrini kumuuliza kama anamtumia huyu, sauti ilimwahi: "Hilo ni jina la msimamizi wa zamu yetu leo, mama, endelea."

Nimesimulia yote haya kirefu kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema, "Lakini kwani hakujua?" Mama huyu anahesabu faida ya jozi mia za viatu kichwani. Anajua raba ipi ni kamera, yaani ile bora, na ipi ni fagia, yaani ile hafifu, kwa kuigusa nyayo. Kilichomshinda hakikuwa ujinga. Alipangiwa watu wawili, mmoja wa kumtia huruma na mwingine wa kumtia hofu, na katikati yao hakuachiwa nafasi ya kuvuta pumzi.

Hapa ndipo penye jambo langu. Ushauri tunaopewa siku zote ni usimpe mtu namba yako ya siri. Ni ushauri wa kweli, na niliubandika ukutani tangu siku ya kwanza. Mama wa viatu aliufuata, na pesa zake zikaenda. Tapeli wa siku hizi haitaki namba yako ya siri. Anataka usikate simu. Madhali uko naye kwenye laini, yeye ndiye anayekuambia unachokiona. Atakuambia jina hili ni la msimamizi, namba hii ni ya uhakiki, huyu wakala aliye mbele yako ni mwizi. Naam, aliambiwa hivyo. Ndiyo sababu alinipa mgongo. "Usimwambie wakala lolote, mama, wao ndio wanaoshirikiana na hawa wezi." Mtu pekee ambaye angemzuia alikuwa ameshatiwa doa kabla mama hajafika mlangoni.

Sasa mwambie mtu wa malezi yetu akate simu uone ugumu wake. Mimi nimezaliwa Majengo, Pumwani. Kwetu hukatizi mtu anayezungumza, na ukimaliza naye unaagana, na ukiagana unatuma salamu kwa walio nyumbani. Mtu akikuanza na "shikamoo mama yangu" umeshafungwa nusu. Matapeli hawa wanalijua hilo kuliko tunavyolijua wenyewe. Sikiliza wanavyoongea: hawatukani, hawapandishi sauti, wanakupa pole. Wengine hukuuliza kama umeshakunywa chai. Kumkatia simu mtu wa namna hiyo kunahitaji moyo, na wazee wetu hawakulelewa na moyo huo. Mama yangu aliniambia wazi: "Nitamkatia vipi na hajanikosea?"

Kwa hiyo nilimfundisha neno la kusema, kwa sababu niliona akiwa na neno la kuagia, ataweza kukata. "Nimekusikia mwanangu, nitapiga mwenyewe." Halafu anakata. Hajamtukana mtu, hajamwita mwizi. Kama aliyepiga ni mkweli, hatapungukiwa na kitu kwa kupigiwa baada ya dakika tano. Tulifanya mazoezi jikoni, mimi nikijifanya mtu wa benki, mpaka akaweza kunikatia bila kuona haya.

Na "nitapiga mwenyewe" ina sharti lake. Anapiga namba aliyokuwa nayo kabla ya simu hiyo kuingia: iliyo nyuma ya kadi ya benki, iliyo kwenye barua ya shule, 100 kama ni mambo ya laini ya Safaricom. Asipige ile aliyopewa na huyohuyo anayemshuku, wala iliyoandikwa kwenye meseji. Safaricom wametangaza mara nyingi kwamba wakimpigia mteja hutumia 0722 000 000. Ni vizuri kuijua. Ila siwafundishi wazee kuitegemea, kwa kuwa namba inayotokea kwenye skrini inaweza kughushiwa, na mtu akishaambiwa "namba fulani ni salama" hulegea anapoiona. Ni bora simu itoke kwako.

Watu huniuliza, sasa jina langu kamili walilipata wapi? Mtu anapoanza kukutumia pesa, jina lako hutokea ili ahakikishe kabla ya kutuma. Kinga ileile inayokuzuia usikosee namba humpa tapeli jina lako. Basi mtu kulijua jina lako hakuthibitishi kitu. Na hata kitambulisho. Ingia jengo lolote katikati ya mji, askari wa mlangoni anakupa daftari: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakwenda kumwona nani. Juu ya jina lako kuna majina ya watu ishirini waliotangulia, na yeyote mwenye simu anaweza kuupiga picha ukurasa mzima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, lakini daftari bado liko wazi pale mezani. Mimi kitabu changu nimekiwekea karatasi ngumu, naacha mstari mmoja tu ukionekana, wa mteja aliye mbele yangu. Wakala mwenzangu anayesoma haya, tafadhali fanya hivyo leo.

Marehemu baba yangu alifanya kazi ya kupakia mizigo Machakos Kantri Bas, kituo cha mabasi hapa Nairobi, na alikuwa na hadithi zake za matapeli wa wakati ule. Mmoja anatembea mbele yako, kibunda cha pesa kinamdondoka. Anatokea wa pili, anakiokota wakati uleule unaokiona, anakuwekea kidole mdomoni: nyamaza, tutagawana. Mnaingia uchochoroni. Mara yule wa kwanza anarudi analia, anapekua watu. Wa pili anakwambia, shika wewe kibunda, nipe ulicho nacho kiwe dhamana, tukutane pale. Ukifungua, juu noti moja ya kweli, chini magazeti yaliyokatwa kwa ukubwa wa noti. Baba alikuwa akisema aliyeona kibunda hakuwa na shida. Shida ilianza alipokubali kuingia uchochoroni.

Simu ndiyo uchochoro wa leo. Ukiingia ni wewe na yeye tu.

Na pata potea nayo imehama na vyombo vyake vyote. Wenye umri wangu wanazikumbuka zile karata tatu kwenye meza ya kukunjwa, na watu wanne wamezunguka, kila mmoja anashinda. Wewe unayepita ndiye mgeni peke yako. Sasa unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp au Telegram bila kuulizwa, kuna watu mia mbili, na kila asubuhi mtu anaweka picha ya meseji ya pesa alizopokea. Kazi yenyewe ni kupenda video au kuandika sifa za hoteli usiyoijua. Siku ya kwanza unalipwa kweli, shilingi mia mbili tatu. Siku ya tatu unaambiwa uweke elfu tano ili upande daraja. Kijana mmoja wa jirani aliweka karo ya muhula mzima. Aliponionyesha kundi hilo nilisoma majibu ya watu na nikawaona walewale wanne wa mezani. Meseji za malipo zilikuwa za maandishi ya kuundwa, mbili kati yake zikiwa na namba moja ya muamala.

Kuna wanaodhani mambo haya huwapata wauza mitumba na wazee tu. Mwezi Julai 2020, wakati watu wengi walikuwa wakifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya korona, vijana wachache waliwapigia simu wafanyakazi wa kampuni ya Twitter huko Marekani. Walijifanya mafundi wa kompyuta wa kampuni hiyohiyo, wakisema wanashughulikia matatizo ya kuingia kwenye mtandao wa kazini. Wapo walioamini, wakaweka majina na maneno yao ya siri kwenye ukurasa bandia. Kupitia hao, wezi waliingia kwenye akaunti za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates, Elon Musk na hata kampuni ya Apple, wakatangaza kwamba atakayetuma bitkoini atarudishiwa maradufu. Walikusanya zaidi ya dola 100,000. Aliyeongoza alikuwa kijana wa miaka 17 kutoka Florida. Kampuni yenye wahandisi wa kila namna, na mlango ulifunguliwa kwa simu ya heshima.

Kisa kingine kimenikaa zaidi. Mwanzoni mwa 2024, mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya Arup, kampuni ya uhandisi ya Uingereza, alipata ujumbe uliodai kutoka kwa mkuu wa fedha, ukimtaka afanye malipo ya siri. Alishuku. Moyo wake ulimwambia ni utapeli, na moyo wake ulisema kweli. Kisha akaitwa kwenye mkutano wa video. Akawaona wakubwa na wenzake, sura zao, sauti zao. Shaka ikamtoka, akatuma takriban dola milioni 200 za Hong Kong, kwa mikupuo 15. Sura zote zile zilikuwa za kutengenezwa na kompyuta. Aligundua alipouliza makao makuu kwa njia nyingine, na hapo mambo yalikuwa yamekwisha.

Mtu yule alikuwa na shaka mkononi na akaja kuondolewa na walewale aliowashuku. Shaka haiondolewi na anayeshukiwa. Kama ulichoshuku ni meseji, kinachofuata kisiwe mkutano uliopangwa na mwenye meseji. Nyumbani kwetu sasa tuna swali. Yeyote akipiga kwa namba ngeni akidai ni wa familia na ana dharura ya pesa, hata kama sauti ni yake, anaulizwa jambo moja la zamani la nyumba yetu ambalo halijawahi kuandikwa mahali popote. Silitaji hapa, na watoto wamekatazwa kulitaja kwenye simu isipokuwa wameulizwa.

Mambo mengine nitayapitia kwa wepesi, kwa maana ukishaelewa hilo, haya ni matawi yake.

Mtu akikuambia amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie kwa mkono wako. Kwanza angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu ya M-Pesa, maana meseji ya kweli hutoka kwa jina MPESA, na ile aliyopata mama wa viatu ilitoka kwa namba ya simu ya kawaida. Hakuwa amepokea hata senti. Na hata kama pesa zimeingia kweli, mwambie aombe kurudishiwa kupitia kampuni. Ukimtumia wewe, kisha yeye akaomba kurudishiwa na kampuni, umelipa mara mbili.

Laini yako ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo wengine wanao, usiiwashe na kuizima kutwa nzima ukingoja irudi. Huenda mtu ameisajilisha upya kwa kadi nyingine, na dakika hizo anahamisha vyako. Azima simu, piga kwa kampuni yako ya simu, kisha benki. Wenye laini za Safaricom wanaweza kubonyeza *100*100# ili laini isibadilishwe isipokuwa mwenyewe afike dukani na kitambulisho. Nimewabonyezea wazee wote wa mtaa wetu, mmoja mmoja.

Ukiombwa na rafiki umpe namba sita zilizoingia kwenye simu yako "kwa bahati mbaya", huyo si rafiki yako tena, ni mwizi aliyekaa kwenye akaunti yake. Ukimpa, WhatsApp yako inakwenda, na jioni hiyo ataliandikia kundi la chama kwa jina lako: nina dharura, nitarudisha kesho. Chama kimoja cha akina mama hapa Majengo kilituma pesa kwa watu watatu tofauti kabla ya mmoja wao kupata wazo la kupiga simu. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri yako mwenyewe. Ni kazi ya dakika mbili.

Na wanaotafuta nyumba za kupanga, nawaomba: pesa isitangulie funguo. Hakuna ada ya kutazama nyumba ambayo hujaiona mlango wake.

Nirudi kwa mama wa viatu, kwa kuwa kilichofuata ndicho kilichonisikitisha kuliko pesa. Hakumwambia mtu. Alinisihi nisiseme. Kwa wiki tatu alimficha mumewe, akawa anafika sokoni alfajiri kuliko kawaida na kuondoka mwisho, akijaribu kuziba pengo. Akaacha kuja kwangu, akawa anakwenda kwa wakala wa ng'ambo ya barabara, sababu mimi nilijua. Alipokuja kumwambia mumewe hatimaye, jirani yake wa kibanda alisikia, na unajua alisema nini? Kwamba na yeye alichukuliwa elfu tisa, kwa maneno yaleyale, siku nne kabla. Siku nne! Meza zao zimetenganishwa na gunia la kutundika. Angesema siku ile, mama wa viatu angeitambua sauti ya kwanza tu.

Aibu hii tunaitengeneza sisi, kwa maswali yetu na kwa kucheka kwetu. Mtu akivunjiwa nyumba hatumuulizi kwa nini alilala. Basi mtu wako akija kukuambia ametapeliwa, neno la kwanza liwe pole. La pili liwe "twende". Twende kituoni akaandikishe, apate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, maana bila hiyo hakuna pa kuanzia. Meseji ya utapeli itume kwa 333, ni bure. Sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018 inautaja ulaghai wa aina hii kuwa jinai yenye kifungo. Wengi hawarudishiwi pesa zao, sitamdanganya mtu. Lakini namba iliyoripotiwa inaweza kufungwa, na mwenye zamu ya kupigiwa kesho ni mtu kama yeye.

Mimi niliandika kwenye kipande cha boksi, kwa kalamu nene, nikatundika juu ya dirisha: UKIWA KWENYE SIMU SIKUWEKEI WALA SIKUTOLEI PESA. KATA KWANZA. Wiki ya kwanza nilipoteza wateja. Mwanamke mmoja alinitukana, akasema pesa ni zake na mdomo ni wake. Ana haki. Ila nami niliona afadhali mtu aondoke na hasira kuliko aondoke na ile sura ya mama wa viatu akiitazama skrini. Nikazungumza na mawakala wengine wanne wa mtaa huu. Wawili walikubali.

Mwezi uliopita alikuja mzee anayesukuma mkokoteni hapa sokoni. Simu sikioni, jasho linamtiririka, mkononi shilingi 7,200 zilizokunjwa vipande vipande. "Niwekee, kijana."

"Mzee, kata simu kwanza."

"Siwezi. Ni daktari." Macho yake yalikuwa mekundu. Binti yake wa kidato cha pili, katika shule ya bweni kule Ukambani, ameanguka ngazi, yuko kwenye gari la wagonjwa, hawezi kupigwa picha ya kichwa mpaka pesa zitumwe. Daktari anangoja kwenye simu.

Nilitoka nje ya kibanda. Nilimshika mkono, nikaichukua simu taratibu, nikaikata, nikaiweka juu ya kaunta. Alinitazama kama nimemuua mtoto. Sikuwa na hakika. Nataka niseme hivyo, kwa sababu kwa dakika ile sikujua kama simu hiyo ni ya kweli, na moyo ulinidunda. "Mzee wangu, una namba ya shule?"

Hakuwa nayo. Kisha akakumbuka, akatoa kitambulisho, na ndani ya mfuko wake wa nailoni mlikuwa na risiti ya karo iliyokunjwa mara nne. Chini ya jina la shule kulikuwa na namba. Nikaipiga kwa simu yangu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Juu ya kaunta, simu ya mzee ilianza kutetema. Akainyoshea mkono, nikamwomba, "Ngoja mzee, ngoja kidogo."

Mara ya tatu akapokea mwanamke, karani. Nikamtajia jina na kidato. Akasema subirini, nimtume mtu darasani. Tukasubiri. Watu wa foleni walinyamaza, hata aliyekuwa na haraka. Mzee alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Nikaweka spika.

Ikasikika kama kiti kinavutwa, kisha pumzi za mtu aliyekuja mbio.

"Baba? Kuna nini nyumbani?"

Mzee hakujibu. Aliketi palepale kwenye kigoda, akafunika uso. Simu yake ilikuwa bado inatetema juu ya kaunta.